Mvuta Pazia wa Qurum

Jumamosi, 6 Januari 2001

Nimedhulumiwa! Tena mbele ya Harub.

Majaribio ya waigizaji yalikuwa alasiri, ukumbi wa klabu, Qurum. Msimu huu wa baridi kutakuwa na michezo minne ya kuigiza, kila Alkhamisi mmoja. Mwongozaji ni Ustadh Ghaith, mtu mpole, miwani yake inaning'inia kifuani. Nilivaa kanzu mpya. Nilijifukiza udi. Nilisoma maneno ya kadhi kwa Kiarabu, kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Kila kitu kizuri mpaka nilipofika kwenye neno lenye herufi ya ain, ile itokayo kooni. Ikakwama kooni kama mwiba wa samaki changu. Ilipotoka, ilitoka kama ya mtu wa Wete. Nami ndiye mtu wa Wete! Nimekuja Muscat nina miaka kumi na saba, leo nina arubaini na nne, na ain bado haijashuka melini.

Ustadh Ghaith aliniuliza taratibu kama nina mikono yenye nguvu. Nikasema naam. Akasema pazia lao ni zito sana.

Kadhi kapewa Harub. Harub! Mwaka wa tisa huu tunakaa meza moja, chumba cha mafaili. Mtu anayekula sambusa ya mwenzake kisha akasingizia paka. Ofisi iko ghorofa ya nne. Hapana paka.

Nimerudi nyumbani Ansab, mama kaniuliza nimepata sehemu gani. Nimemwambia kweli tupu: bila mimi mchezo hauanzi wala hauishi. Akapiga kigelegele. Sikuwa na moyo wa kueleza zaidi.

Jumanne, 9 Januari

Nimeonyeshwa pazia. Mahameli nyekundu, refu kuliko nyumba yangu. Pembeni kamba mbili. Conjesta, dada wa Bukoba anayefagia ukumbi, ndiye mwalimu wangu. Ameniambia, kaka, ya kulia inafungua, ya kushoto inafunga, na usiivute kwa hasira, itagoma. Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa ofisi. Nikaivuta. Ikagoma. Akaja kuikwamua bila ya kusema neno, jambo lililoniudhi kuliko kusema.

Nyumbani msiba. Mama keshawapigia simu mashangazi wote. Kwa maneno yake sasa, mchezo ni Muhanna mwanawe na Muhanna ni mchezo. Watakuja Alkhamisi ya mwisho, tarehe mosi Februari, magari matatu. Mama mwenyewe atakuja! Tangu baba afariki, mwaka wa sita, hajatoka kwenda popote ila hospitali na matangani. Kashaitoa nguo kabatini, kaitundika mlangoni.

Kidawa, mke wangu, alinitazama. Hakusema kitu. Kidawa anaweza kutosema kitu kwa saa nzima.

Lazima niingie jukwaani. Kwa njia yoyote.

Alkhamisi, 11 Januari

Mchezo wa kwanza. Mpango ulikuwa mwepesi: pazia likifunguka, nibaki hatua mbili ndani, taa zinipige, kanzu ing'are, watu waulize huyu ni nani.

Nikafungua. Mpango ukanitoka kichwani wote.

Sijui niandikeje. Kile kisima cha jukwaani ni plaiwudi. Nakijua! Nimekibeba mwenyewe kutoka kwenye pikapu, kikanichubua kidole. Ndani hamna tone. Akatokea Bashayer, binti anayefanya kazi benki mchana, akainama, akavuta ndoo tupu, akanywa. Taratibu. Ukumbi kimya. Nikayasikia maji yakimshuka kooni. Wallahi nilishikwa na kiu. Watu mia tatu walimeza mate pamoja, niliwasikia.

Walipokwisha ondoka nilikwenda kukichungulia. Nikatia mkono mpaka chini. Kikavu!

Nimekaa kitandani na kidole changu kilichochubuka, nacheka peke yangu. Kidawa anauliza kuna nini. Nimemwambia maji. Akaenda kuniletea.

Jumapili, 14 Januari

Tosha kushangaa. Kazi mbele. Nikiwa sina nafasi, lazima ipatikane, na nafasi ni ya Harub. Nimesikia kwamba baridi huua sauti. Basi leo baada ya kazi nimemwalika Harub twende mtaa wa Hamriya, kwenye duka la aiskrimu. Bakuli tatu kila mmoja, na maji ya barafu juu yake. Asije kushuku, nimekula sawa naye, kijiko kwa kijiko. Ameshukuru sana. Kaniita ndugu yake. Hajui masikini kilichomfika.

Jumatano, 17 Januari

Harub ana sauti kama adhana ya alfajiri. Inapita ukutani.

Mimi sina sauti kabisa. Nina kikohozi cha kung'oa mbavu. Kidawa kanikamulia ndimu kwenye asali, kauliza nimekula nini. Nimemwandikia kwenye karatasi: vumbi la mafaili.

Alkhamisi, 18 Januari

Makubwa!

Mchezo wa pili ni wa watoto watatu wanaogombania nyumba ya baba yao. Baba mwenyewe mgonjwa, yumo chumba cha ndani, watazamaji hawamuoni. Nilijifunga kilemba mdomoni, mizunguko miwili. Haikufaa kitu. Palipokuwa na kimya kuliko pote, binti mkubwa ameshika funguo mkononi, nikakohoa. Kikohozi cha kutoka miguuni.

Nikajua nimekwisha. Lakini yule binti akageuka upande wangu, uso umempauka, akanong'ona kwamba baba yu hai bado. Ukumbi mzima ukavuta pumzi! Tokea hapo kila nikikohoa wale watoto wanaacha ugomvi, wanasikiliza. Nikikohoa, kaka anarudisha funguo mezani. Nikikohoa, mdogo analia. Sikuwa nikifanya makusudi. Nilikuwa nakohoa tu, na nje ya koo langu mtu mwingine mzima alikuwa akifa.

Karibu na mwisho kikohozi kikakatika chenyewe. Kimya. Mwanamke mmoja safu ya mbele akasema kwa sauti, amekufa maskini. Nikalia. Nilimpenda yule mzee. Nilikuwa nimeanza kumzoea.

Ustadh Ghaith alinishika mikono miwili, akasema ile ilikuwa zawadi ya Mungu. Nikamwomba anipe sehemu mchezo wa mwisho. Akauliza kama najua kuvuta pazia kwa wakati, maana leo nimechelewa.

Alkhamisi, 25 Januari

Mchezo wa tatu. Salem wa taa kachomozesha jua jukwaani. Kwanza rangi ya majivu, kisha ya chungwa, kisha miguu ya waigizaji ikapata vivuli. Nikaanza kutafuta maji ya kutawadha, nikakumbuka nimeshaswali isha. Conjesta alikuwa kando yangu, kaegemea fagio. Alisema kwao Bukoba ukungu huondoka vile vile juu ya migomba. Nilichelewa kufunga, lakini kidogo tu.

Imebaki wiki moja. Mama leo kampigia simu shangazi wa Sur kumuuliza kama inafaa kwenda na maua.

Jumatatu, 29 Januari

Nimepata. Mpango huu hauna pengo.

Mchezo wa mwisho utakuwa alasiri, kwa ajili ya watu na familia zao. Mwishoni kadhi anamhukumu ndugu yake mwenyewe aliyeiba maji ya falaj, mfereji wa mji, usiku wa zamu ya yatima. Maneno mazito, dakika nne. Mimi nimeyahifadhi yote. Basi Harub akifungua mdomo, navuta kamba ya kushoto. Pazia linamfunika. Watu wanashangaa. Natokea mimi mbele ya pazia, kanzu, joho, kilemba, namalizia hukumu. Mama analia. Mashangazi wanalia. Harub yuko nyuma ya mahameli, aseme na paka wake.

Nafanya mazoezi chooni. Leo nilipotoka nilimkuta Kidawa mlangoni na taulo. Alisema, ain yako imekuwa nzuri. Kisha akauliza kama Harub anajua. Nikasema kwamba Harub atafurahi. Akanitupia taulo, akaenda zake jikoni.

Alkhamisi, 1 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Nilichungulia: mama safu ya tatu, mashangazi kulia na kushoto kama walinzi, maua mapajani. Joho nimelivaa tayari. Kamba ya kushoto mkononi.

Ikafika hukumu. Harub akasimama. Nilingoja apaze sauti. Siku zote mazoezini alikuwa akiipaza. Hakuipaza. Alivua kilemba, akakiweka chini, mbele ya ndugu yake, akapiga magoti. Akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayesema peke yake jikoni. Kwamba hukumu ni yake na ndugu ni wake, na vyote viwili hawezi kuvipa mgongo. Mwaka wa tisa nakaa na mtu huyu meza moja. Sikujua ana uso ule. Sikujua ulikuwa umekaa wapi siku zote hizo.

Pahala pangu pa kuvuta pakafika, pakapita. Sikuvuta.

Hukumu ikaisha. Pahala pa kufunga kwa haki pakafika. Sikuvuta.

Harub yuko chini, kilemba mbele yake, kichwa kimeinama. Hakuna aliyepiga makofi, maana pazia halijafungwa, na pazia lisipofungwa mtu hajui kama ana ruhusa ya kupumua. Mtoto akauliza kitu, akazibwa mdomo. Nilimwona Ustadh Ghaith upande wa pili wa jukwaa akinipungia mikono yote miwili. Nikaona naye ameguswa. Ule mkono wa Harub uliokuwa sakafuni ukaanza kutetemeka. Nikasema moyoni, subhanallah, hata vidole vinaigiza. (Baadaye kaniambia ni goti lililokuwa likimuuma.)

Mpaka Conjesta alipolaza fagio, akaja, akaishika kamba juu ya mikono yangu, tukaifunga pamoja.

Makofi yakashuka kama mvua juu ya mabati. Sikuwahi kusikia kitu kama kile Muscat, wala Wete, wala popote. Nilisimama na joho langu gizani.

Watu walipokwisha toka, mama alikuja nyuma, Kidawa kamshika mkono, maua bado anayo.

"Nnakutafuta toka mwanzo," alisema. "Nimewatazama nyuso zao wote. Hukuwamo."

Nilimwonyesha kamba.

"Hii tu?"

"Hii tu, mama."

Alilitazama joho langu. Akaitazama kamba, ilivyokwenda juu ikapotelea gizani.

"Ulinambia bila wewe hauanzi."

"Hauanzi, mama."

"Na leo nusura usiishe."

Nilitaka ardhi inimeze. Kidawa alikuwa akiangalia viatu vyake, mabega yanamtikisika. Lakini mama akampa fimbo yake na maua, akapangusa viganja kwenye buibui.

"Nipishe," alisema. "Nnataka kuvuta."

Nikampa ya kulia. Nikamwambia taratibu. Akavuta, mkono mmoja baada ya mwengine, na mahameli yote yale yakaanza kwenda. Salem alikuwa hajazima taa. Katikati ya jukwaa Conjesta alikuwa anafagia. Akainua kichwa, akaona pazia limefunguka, viti mia tatu vitupu mbele yake. Akasimama wima. Akaweka mkono kifuani, akaviinamia vile viti, polepole, kama malkia aliyetoka safari.

Mama hakuiachia kamba.

"Nifunge?" nilimuuliza.

"Usifunge," alisema. "Ngoja kwanza."

Tukangoja. Sijui muda gani. Conjesta alirudi kufagia, nasi tukamtazama akifagia, na hata kufagia kulikuwa kuzuri.

Garini shangazi mmoja aliuliza nilikuwa nani, maana hakunitambua. Mama akasema, "Hukumtambua? Basi ndio ufundi wenyewe."

Jumamosi, 3 Februari

Sasa mimi ni mtu mzima, akili timamu. Leo asubuhi nimemnunulia Harub sambusa mbili nikamwambia alinitoa machozi. Akala zote mbili, na ya kwangu.

Alasiri Ustadh Ghaith kaniita. Kasema watu wanakisifu sana kile kimya cha mwisho; yeye kawaambia kilikuwa kwenye mpango. Hata hivyo, msimu ujao wa baridi pazia litakuwa na watu wawili. Kaniletea wa pili: Sleiman, askari mstaafu wa Nizwa, mikono kama mitende. Mimi nifungue, yeye afunge. Kamba yangu ya kushoto! Nimpe mtu!

Nikajizuia. Nikasema karibu, ndugu yangu, nitakufundisha mwenyewe.

Sleiman ni mtu wa heshima. Aliuliza kanuni ya kwanza ya kazi ni ipi. Nikafikiri haraka. Pembeni pale pana nafasi ya mtu mmoja tu kuona jukwaa lote, wawili tutasukumana. Nikamwambia kanuni ya kwanza ya mvuta pazia ni kufumba macho. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ni adabu ya tokea zamani. Akatoa kijidaftari, akaandika. Mpango safi kabisa! Naona mchezo mzima mimi, na kamba imeshikwa.

Njiani kuja Ansab ikanijia: akiwa amefumba macho, atajuaje kwamba mchezo umekwisha? Nikarudi mpaka Qurum, nikamkuta bado yuko kwenye maegesho. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mimi nitakuwa naangalia. Wakati ukifika nitamgusa bega.