Idjwi, Mimi na Xavier Peke Yetu

Siku ya Mungu, tarehe 4 mwezi wa munane

Jana tumefunga ndoa kanisani. Sasa niko bibi wa Xavier mbele ya Mungu, mbele ya padri na mbele ya Ghislaine. Mbele ya ukoo niko bibi yake tangu ng'ombe zilipofika kwetu Mudaka, na Olive, mutoto yetu, iko hapa kama ushuhuda, anatambaa chini ya meza na kula mabaki ya keki.

Sasa nina mupango. Lune de miel. Bibi na bwana wanasafiri, peke yao. Wengine wanaruka na ndege kutafuta kisiwa. Sisi tuna Idjwi yetu katikati ya ziwa. Ndizi, ananasi, maji pande zote. Unapanda boti asubuhi, unafika ungali safi.

Sababu iko moja. Chumba yetu na chumba ya mama mukwe wangu, Maman Euphrasie, zinatengwa na ukuta ya mbao. Mimi na Xavier tukicheka, Maman anakohoa. Tukicheka kidogo, anakohoa kidogo. Hana ugonjwa wa kifua. Muchana hakohoi hata mbele ya moshi ya makaa. Mimi nilimupenda Xavier juu ya kicheko yake, na tangu niingie humu sijaisikia mupaka mwisho. Ninataka kuisikia mupaka mwisho. Ni hiyo tu.

Ghislaine ameniuliza sisi tutaenda wapi. Huyu ni bibi wa Fabien, kaka mukubwa wa Xavier. Wanakaa nyumba ya pili katika parcelle yetu, kiwanja kimoja na sisi. Wao walienda Goma, hoteli kando ya maji, na mupaka leo anavaa sapato za chumbani za ile hoteli akienda kuchota maji. Zamani zilikuwa nyeupe. Nikamujibu kwamba bado tunachagua. Akasema: chagueni pole pole, mama Olive, hata Nyangezi hapa karibu kuko hewa nzuri.

Siku ya kwanza, tarehe 5

Soko ya Kadutu. Nimenunua nguo ya kulala. Nyekundu, yenye kuteleza, na dantelle ya matundu-matundu chini. Ilikuwa katika rundo ya nguo za Ulaya lakini maman muuzaji aliapa kwamba haijavaliwa hata siku moja. Nilimuambia ni ya rafiki yangu. Akaangalia mimi, akaangalia Olive mugongoni mwangu, akasema: mama, nguo kama hiyo njo ilituletea huyu.

Nimeificha katika begi ya Olive, chini ya nguo za kumubadilisha. Hakuna mutu anayetia mukono pale kwa kupenda.

Xavier amekubali Idjwi. Alifurahi sana, akaanza kucheka, Maman akakohoa, akaacha. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: tutamuambia Maman nini? Xavier anachomelea milango ya chuma, anaibeba peke yake mupaka kwa muteja, lakini hilo swali lilimukalisha juu ya kitanda. Nimemuambia aniachie mimi.

Siku ya pili, tarehe 6

Ukweli hauwezekani. Ghislaine alisema ukweli kwa wakati yake, na Maman akamuuliza: mutu mwenye kitanda kwake anaenda juu ya kitanda ya wengine kutafuta nini? Anamuuliza tena kila Noeli, mbele ya wageni.

Mimi nimetumia akili. Maman alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Nikamuambia kwamba mimi na Xavier tunataka kuanza ndoa yetu na Mungu. Kwamba tunaenda retraite, kusali tu, kule Idjwi, tangu siku ya tano mupaka siku ya Mungu. Kwamba tukiweza kumuachia Olive, Mungu atamulipa.

Akaacha kutwanga. Akalia. Akanishika kichwa na mikono yenye sombe na kuniita mutoto wangu. Mbele ya leo alikuwa ananiita "huyu".

Nimeshinda. Kudanganya mutu mwenye kupenda Mungu ni rahisi sana, sijui juu ya nini watu hawafanyi zaidi.

Siku ya tatu, tarehe 7

Maman amesimulia kikundi chake cha maombi.

Papa Télesphore, mukubwa wa kikundi, amefika asubuhi na shati imefungwa mupaka shingoni. Alisema katika ndoto aliona maji mengi na hakujua ni maji gani. Sasa amejua. Kikundi chote kinakuja na sisi. Maman pia, hawezi kutuacha peke yetu katika baraka kama hiyo. Na kwa sababu Maman anakuja, Olive anakuja.

Sikushituka. Nikasema ziwa iko na mawimbi mabaya siku hizi. Papa Télesphore akasema wataombea ziwa.

Hapo nikatumia akili ya pili. Nikamuambia, Papa, hii retraite iko ngumu, sijui kama muzee kama wewe ataiweza. Hakuna kusema hata neno. Hakuna kula mupaka jioni. Wanaume wanalala kwao, wamama kwao, hata wenye ndoa. Nikamuangalia katika macho nione woga.

Niliona machozi. Alisema anaomba kikundi retraite ya namna ile tangu miaka, na wote wanamuambia tumbo iko wazi, magoti inauma. Sasa ni mutoto mudogo ameileta. Akanibariki. Akabariki Olive. Akauliza kama kumebaki chai.

Jioni nilimueleza Xavier. Aliuliza hiyo ya wanaume kulala kwao niliitoa wapi. Nikamuambia ilikuwa ni mbinu.

Siku ya ine, tarehe 8

Nilipanda juu Kadutu kuangalia ziwa. Nilikuwa na tumaini. Ziwa imelala kama mafuta katika sahani. Kweli waliomba.

Kule Idjwi, Xavier alikuwa ameomba kwa simu chumba chenye dirisha upande wa maji. Papa Télesphore amewapigia wenyewe kwamba tumeacha. Amepata salle mbili, vyumba vikubwa vya chapelle, kanisa moja ndogo kule, bila vitanda. Alisema mikeka inasaidia mawazo kupanda.

Ghislaine alikuja kuuliza kama ni kweli yeye na Fabien watabaki peke yao katika parcelle mupaka tutakaporudi. Nikasema ni kweli. Akasema pole. Alisema bila kucheka, na niliona kwa shingo yake kwamba kuzuia kicheko kulimuomba nguvu. Halafu akaomba nimuletee ananasi, kubwa, yenye kuiva.

Siku ya tano, tarehe 9. Idjwi

Tumefika. Kisiwa iko muzuri kuliko vile nilifikiri. Migomba mupaka kwa maji, ndege nyeupe, hewa ya kuosha mutu ndani. Nimeiona katikati ya vichwa vya wamama wa kikundi.

Katika boti wanaume walikaa mbele, wamama nyuma. Xavier alikaa karibu na Papa Télesphore, ambaye alianzisha ukimya tangu bandarini. Halafu akaeleza faida za ukimya mupaka tukafika.

Katika salle ya maombi kulikuwa meza bila kitambaa. Watu wakaangaliana. Maman Euphrasie akaomba ruhusa ya kusema neno moja, akasema mengi. Kwamba wanamusemaka mukwe wake kuwa kichwa iko pepesi. Kwamba leo wataona. Kwamba katika boti alikuwa anabadilisha Olive na katika begi akaona kitambaa mupya, nyekundu, rangi ya Roho Mutakatifu, na dantelle, na mwenye kuileta hakujivuna hata kidogo.

Akaitoa. Nilifungua kinywa. Lakini ukimya ni sheria yangu mwenyewe.

Sasa iko juu ya meza. Kamba za mabega zimekunjwa chini ya Biblia. Papa Télesphore aliipapasa, akasema ni kitambaa ya bei. Wote wakapiga magoti mbele yake. Xavier alinitikisia kichwa toka upande wa wanaume, kwa heshima kubwa. Yeye hajui. Ilikuwa ni surprise.

Siku ya posho, tarehe 10. Idjwi

Ninaandika muchana, wamama wamelala kwa njaa. Olive peke yake njo anakula na kusema, na amesema mengi.

Asubuhi, wakati wa kutafakari kwa kutembea, Xavier alinikonyeza nyusi. Nikamufuata kwa mbali, na Olive mugongoni, mupaka nyuma ya citerne, tangi ya maji ya chapelle. Alikuwa na ananasi chini ya koti. Alikuwa ameikata na kipande cha bati, ni fundi. Tukakaa juu ya mawe. Mbele yetu maji tu. Maji ya ananasi ikashuka mupaka kwa viwiko. Akanifuta kidevu na mukono wa shati yake ya harusi, akaniambia katika sikio kwamba kichwa yangu inanukia mafuta ya Olive, na kwamba kila jioni akirudi kazini, anaisikia ile harufu tangu kwa mulango na anajua amefika.

Kisha Olive akanyonya ananasi na kukunja uso kama Papa Télesphore wakati wa wimbo. Kabisa yeye. Xavier akaanza kucheka. Niliona inatoka chini tumboni, inapanda, inafika kifuani. Nilishikilia pumzi.

Mutu akakohoa.

Maman Euphrasie alikuwa amesimama kwenye kona ya citerne. Katika mukono kulikuwa ndizi ya kuchoma, imekwisha kuumwa. Ndizi zingine zilionekana katika kitenge yake. Akaangalia ananasi yetu. Tukaangalia ndizi yake. Hakuna mutu aliyesema, juu ni retraite ya ukimya.

Akakaa. Juu ya jiwe langu na la Xavier, katikati. Akavunja ndizi, akanipa kipande kikubwa, akamupa Xavier kidogo. Nikamupa ananasi. Tulikula tukiangalia ziwa, sisi wote, kama watu wenye kungoja boti. Ilikuwa tamu sana, ninapashwa kuandika ukweli. Alipomaliza, akatupangusa vinywa kila mutu kwa zamu na kitenge yake, Olive, mimi, Xavier, ili tusionekane. Halafu akarudi kwa maombi wa kwanza.

Kicheko ya Xavier ilikuwa imeshuka tayari. Nilisikia nusu. Labda kidogo kupita nusu.

Siku ya kwanza, tarehe 12

Tumerudi jana. Nguo yangu imebaki. Maman aliitoa zawadi kwa chapelle, kwa jina langu. Itatandikwa kila Pentekoste. Watu walipiga mikono na Xavier alipiga kwa nguvu kuwapita wote.

Leo Ghislaine alikuja kuchukua ananasi yake. Uso yake iko laini kama mutu aliyetoka likizo. Nikamuuliza waliishi namna gani. Alisema walikula saa walitaka. Walikaa inje na radio. Fabien alimuimbia. Walicheka mupaka Fabien akaanguka na kiti, na hapana mutu aliyekohoa. Alisema kwa Goma hata hawakucheka vile, juu kule Fabien alikuwa anaogopa kuharibu vitu vya hoteli. Alinishukuru kwa mikono mbili. Akaniuliza retraite ingine iko lini.

Nilimuhurumia. Amefungiwa katika parcelle siku zote zile, hata hajaona kisiwa.

Mimi nimefikiri vizuri, na kosa nimeiona. Retraite ni jambo ya furaha. Jambo ya furaha inavuta watu. Inatakiwa jambo ya huzuni. Basi nitasema kwetu Mudaka kuko kilio. Tonton wangu, mujomba mumoja wa upande wa mama, ambaye hapa hakuna anayemujua, amekufa. Ninapashwa kwenda na bwana yangu kwa matanga. Toka Mudaka tunashuka kwa ziwa, tunavuka Idjwi, chumba chenye dirisha. Nani atafuata kulilia mutu ambaye hamujui?

Xavier ameniuliza kama nina hakika. Nimemuambia aniachie mimi.

Jioni nimemuambia Maman. Nimemupa tonton jina: Zagabe. Nimelia kidogo. Amepokea vizuri sana. Amenishika kichwa, kisha ameuliza tu kama parcelle ya kwetu Mudaka iko kubwa.

Nimemujibu ya kwamba iko kubwa sana.