Sekunde Nane za Gitaa Langu

Jumatatu, 3 Machi
Tumeanza kurekodi albamu yetu ya kwanza! Bendi ya watu wanne, pop ya njozi, muziki laini kama wa ndotoni, sauti za magitaa zinapinda na kuyeyuka kama mshumaa. Dada yangu anapiga gitaa la kwanza. Mimi la pili. Katika wimbo wa mwisho yeye kapewa dakika mbili za kupiga peke yake. Mimi sekunde nane! Kuna watu wanapiga chafya ndefu kuliko hiyo. Sikubali.

Jumanne, 4 Machi
Mpango. Nimemnong'oneza fundi mitambo wa studio kwamba dada anaumwa vidole, anaficha tu, apumzishwe. Fundi ana huruma kupita kiasi. Kampigia simu mama! Mama kaja mbio na mafuta ya kuchulia, kamchua dada kidole kimoja kimoja mbele ya bendi nzima. Dada akapiga kuliko siku zote. Mama akaniuliza mbona nimenuna. Nikasema ni jino. Akanichua shavu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika studio kabla ya wote. Nimemwambia fundi kwamba dada ameniachia dakika zake mbili. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikapiga kama mtu aliyepagawa. Wimbo ulivuma masikioni, nikajiona nimo mwezini. Nilipofumbua macho, fundi akanieleza kwa upole kwamba waya wa gitaa ulikuwa sakafuni muda wote, haujachomekwa. Kipaza sauti ndicho kilichokuwa wazi. Kimenasa mdomo wangu ukiiga gitaa: nyau, nyauuu, nyau! Dakika mbili nzima. Na mwangwi juu yake!

Wenzangu wakaingia fundi akiirudia rekodi hiyo. Mpiga ngoma wetu alicheka hadi akaanguka kutoka kitini. Nikatamani ardhi ipasuke. Dada hakucheka. Aliomba kuisikia tena, na tena, kisha akasema, "Mdogo wangu, albamu ianze na hii."

Jumamosi, 8 Machi
Albamu imekamilika! Tumeisikiliza nyumbani, sebuleni. Sauti ya kwanza kabisa ni yangu. Baba aliinuka kumtafuta paka. Dada akamwambia kwa fahari kwamba ni mimi huyo. Nikamwomba dada radhi kwa yote. Akasema alijua tangu Jumanne, na bado mimi ni mdogo wake. Nimeapa: hila basi!

Jumapili, 9 Machi
Picha ya jalada ni leo saa nane mchana, bendi nzima. Nimempigia simu mpiga picha. Anakuja saa sita, kwangu kwanza. Shati la zambarau nimeshalipiga pasi. Hii si hila. Ni kujali muda.