Jogoo Wangu na Jibu la Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa mahakamani! Jirani yangu nesi analalamika kwamba jogoo wangu anamwamsha alfajiri. Anataka aondolewe mtaani. Jogoo niliyemlea tangu kifaranga, anayenifuata hadi kibandani ninapotengeneza saa! Simtoi ng'o.

Mke wangu anashauri nimlaze stoo, yaishe. Hajui nina silaha. Katika hadithi za bibi yangu, mnyonge humjibu sultani neno moja tu, sultani akacheka mpaka kilemba kikadondoka. Kesi kwisha.

Jumanne, 4 Machi
Jibu limepatikana. Sultani alimwamuru maskini amnyamazishe jogoo wake. Maskini akasema: nizimie jua kwanza. Akapewa nusu ya ufalme. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo kutwa. Mteja mmoja kaondoka na saa ya mwenzake.

Alhamisi, 6 Machi
Hakimu, mama wa makamo, alimuuliza nesi anajuaje kuwa ni jogoo wangu, na mtaa mzima una majogoo. Nesi akababaika. Hakimu akasema hakuna ushahidi, akaanza kufunga faili.

Na jibu langu je? Nikanyoosha mkono. Hakimu akasema nimeshinda, niende nyumbani. Nikamwomba aniamuru kwanza nimnyamazishe jogoo wangu. Akauliza, kumbe ndiye anayewika? Nikajibu kwa sauti ya bibi kabisa: nizimie jua kwanza!

Karani akacheka. Hakimu naye akacheka, nikaanza kuwazia nusu ya ufalme. Kisha akaandika kwamba nimekiri, na kwamba jogoo hanyamazishiki. Aondolewe kabla ya Jumapili.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempeleka jogoo kwa mama mkwe. Nimelia njia nzima. Mama mkwe kampima kwa macho, kasema atamtunza mpaka wageni wake waje Jumapili ijayo.

Alhamisi, 13 Machi
Nesi kaja kibandani, mpole. Tangu jogoo aondoke anapitiwa na usingizi, kazini kapewa onyo. Akaomba radhi. Akasema yuko tayari kufuta malalamiko kesho, nimrudishe jogoo. Mke wangu akanifinya nikubali.

Nilitaka kukubali, wallahi. Lakini jibu lilishafika mdomoni: nikamwambia akaamshwe na jua, si lilikataa kuzimwa? Akaondoka bila kuaga.

Hakucheka hata kidogo. Nadhani nilitamka haraka mno.

Mke wangu ananisihi Jumapili niwahi kwa mama yake kabla ya wageni, nimwombe jogoo kwa adabu, basi. Kwa adabu tu, wakati nina jibu zuri namna hii la kumpa mama mkwe? Naenda kwenye kioo.