Malalamiko ya Walio Wengi katika Jina la Ockleswade

Kasian Wilbard Ockleswade,
Mapokezi, ghorofa ya chini,
Jumeirah Lake Towers,
Dubai.

Kwa Mhariri,
Rejista ya Majina Adimu ya Kiingereza,
Uingereza.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUHESABIWA VIBAYA

Kichwa cha barua kinajieleza chenyewe, ila mimi nitakisaidia kidogo.

Nakuandikia kwa Kiswahili, wala si kwa kukukosea adabu. Nimepiga hesabu nikaona kwamba watu wengi wanaoitwa Ockleswade duniani huota ndoto zao kwa Kiswahili, na busara inataka mambo ya ukoo yaandikwe kwa lugha ya walio wengi. Hesabu yenyewe utaikuta mbele. Wa kukutafsiria hatakosekana. Barua zenu sisi tumezitafsiri miaka mingi na hatujawahi kununa.

Mimi ni mpokeaji wageni katika jengo la ofisi hapa Dubai. Wiki mbili zilizopita mwenzangu wa mapokezi, Wangari, Mkenya mwenye macho makali kuliko kamera zetu, aliandika jina langu kwenye kompyuta kwa mchezo tu, wageni walipopungua. Ukafunguka ukurasa wako. Akasoma, akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Kumbe wewe ni mzungu, na hutuambii! Na vile umekula githeri yangu kila Jumatatu!"

Ukurasa wako, Ndugu Mhariri, unasema kwamba jina la Ockleswade limebaki kwa watu kumi na wawili tu duniani: tisa Uingereza, wawili Australia, na mmoja Falme za Kiarabu. Kuhusu huyo wa mwisho umeandika kuwa "yaelekea ni Mwingereza aliyehamia kikazi, pengine katika mafuta au benki." Halafu umeweka onyo kwa wino mwekundu: mtoto wa mwisho kupewa jina hili alizaliwa mwaka 1991, na asipoandikishwa mwingine kabla ya mwaka huu kwisha, jina litahamishiwa kwenye orodha ya majina yaliyokufa.

Hapo ndipo uliponishika. Siku sita kabla ya Wangari kuufungua ukurasa huo, mke wangu Edna alijifungua mtoto wa kike. Fomu ya kuandikisha kizazi ina kisanduku cha jina la familia, na natakiwa kuirudisha Alhamisi hii. Kisanduku bado kitupu. Kwa hiyo uhai au kifo cha jina lenu kiko kwenye droo ya kabati langu, chini ya nepi. Kabla sijaamua, naomba uyasikie malalamiko yangu.

1. Kuhusu mafuta na benki. Mafuta ninayoyashughulikia ni yale ya bawaba za mlango mkubwa, na benki ipo ghorofa ya nne, huwa nawaelekeza wateja lifti. Kwetu ni Mbinga, mkoa wa Ruvuma, Tanzania. Hilo la kuhamia kikazi silikatai, nimehamia na kazi ipo. Ila nimeishi hapa miaka saba nikagundua kwamba mtu akitoka kwenu huitwa mtaalamu, na akitoka kwetu huulizwa kafeel wake, yaani mdhamini wake, ni nani. Wewe umenipa cheo cha kwanza bila kuniuliza chochote. Nakiri nilikaa nacho siku mbili kabla ya kulalamika, kwa kuwa kilinikaa vizuri. Wangari alifikia hatua ya kunifungulia mlango na kuniita "sir", ingawa alikuwa anacheka.

2. Umeandika "Tanzania: 0". Sifuri hiyo, Ndugu Mhariri, imeiumiza familia nzima. Babu yangu, Mzee Ockleswade, yu hai na ana watoto saba na wajukuu ishirini na sita. Kwetu mtu huandikwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Ukoo tunao, lakini hauandikwi, huulizwa siku ya kuposa. Basi sisi wajukuu wote ishirini na sita jina letu la mwisho ni Ockleswade. Mmoja anafundisha hisabati Songea. Mmoja anatengeneza pikipiki na bango lake limeandikwa OCKLESWADE SPEA kwa rangi nyekundu. Wapo mapacha wa kidato cha pili, na yupo dada yetu mtawa, ambaye jina la dunia aliliacha utawani lakini daftari la wapiga kura halikumwacha. Baba yangu na ndugu zake sikuwahesabu, maana kwao jina liko katikati, na sitaki ionekane nachakachua.

Sasa tuweke sawa. Kumi na wawili wako, ukinitoa mimi ambaye ni wa huku, wanabaki kumi na mmoja. Sisi ni ishirini na sita, na babu mwenyewe ishirini na saba. Kumi na mmoja kwa ishirini na saba. Kwa kura hizo kwetu mwenyekiti wa mtaa huapishwa na pilau huliwa.

3. Kuhusu asili. Umeeleza kwamba jina limetokana na kivuko cha mto pembeni ya msitu wa mialoni, katika kijiji kilichozolewa na mafuriko karne ya kumi na nne. Sina ugomvi na mafuriko. Lakini hiyo ni asili moja, na asili ya pili umeiruka. Masika ya mwaka 1952, mkaguzi wa kahawa aitwaye Bwana Ockleswade alikwama na Landrova yake kwenye tope, chini ya kilima chetu. Wanawake waliokuwa wanatoka kwenye vitalu vya kahawa wakaombwa wasukume. Mmoja wao alikuwa mjamzito wa miezi yake yote, akasukuma na wenzake. Gari likatoka, na mtoto naye akatoka.

Kwetu mtoto hupewa jina la tukio lililomleta. Wazee walilitazama tukio, wakauliza linaitwaje, wakaambiwa. Bwana Ockleswade alivua kofia, akampeleka mzazi na kichanga misheni, kisha akaendelea na safari na hakuonekana tena. Gari lisingekwama, babu angeitwa Masika, kama watoto wengine wanne waliozaliwa wiki ile.

Naomba hapo utulie kidogo. Hao tisa wa Uingereza na wawili wa Australia wamerithi tu, kama mtu anavyorithi pua. Mimi pia nimerithi. Mtu mmoja tu aliye hai duniani ndiye aliyepewa Ockleswade liwe lake mwenyewe, jina la kwanza, la kuitiwa chakula na la kubatizwa kwa maji. Anaishi Mbinga na ana mbuzi watatu. Katika ukurasa wako hayupo.

4. Kuhusu mkutano wa ukoo. Umeandika kwamba kila Juni wenye jina hukutana katika nyumba ya wageni huko kwenu, na mwaka jana walihudhuria watu sita, mmoja wao akiwa mume wa mtu. Sisi Krismasi iliyopita tulichinja mbuzi wawili na waliochelewa walikula mchuzi. Kwa hiyo naomba mkutano uhamishiwe Mbinga. Ikiwa ni mbali, chumba changu kipo Al Mankhool, hapa Dubai, na wageni kumi na mmoja wanaenea wakikaa kwa adabu. Edna anasema viatu vibaki nje.

5. Matamshi. Walio wengi tunatamka O-ko-li-swe-di. Waliobaki wapewe muda wa kujifunza. Hatutaki kuwaonea.

6. Kutokana na hayo yote, sioni vipi jina hili liendelee kuitwa la Kiingereza. Naomba liondolewe kwenye rejista yako na liandikwe kuwa ni jina la kawaida la Mbinga, lenye tawi dogo ng'ambo. Kila mmoja wa hilo tawi alete barua ya mwenyekiti wa mtaa wake yenye mhuri, inayothibitisha kwamba ni Ockleswade kweli na si mtu aliyejipachika. Jambo hili nililifikisha kwa babu kwa simu. Aliniuliza swali moja tu: "Hao kumi na mmoja, wamewahi kuja kwenye msiba wetu hata mmoja?" Nikajibu hapana. "Basi waje kwanza. Kuhesabiwa baadaye."

Kwa hiyo hadi sasa, kwa mujibu wa mwenye jina, idadi yenu Uingereza ni sifuri. Pole sana. Najua inavyouma.

7. Nakuja sasa kwenye kisanduku. Wewe unasema pasipo mtoto mpya jina linakufa. Mtoto ninaye, ana wiki tatu, na mapafu yake mazima kabisa, majirani wa pande zote mbili ni mashahidi. Nikimwandika Ockleswade, jina linaishi miaka mingine themanini. Kikwazo ni kwamba kwa desturi yetu, niliyokueleza pale namba mbili, mwanangu anapaswa kuandikwa jina lake, langu, kisha la baba yangu, Wilbard. Babu wa baba hana nafasi. Ili kulinusuru jina lenu inabidi nimruke mtu.

Edna nilimweleza takwimu zote usiku kucha na mchana wake. Alikuwa ananyonyesha, akanitazama kama unavyomtazama msoma mita. "Kasian, mwanangu haitwi jina la gari lililokwama. Kama jina lao linakufa, waambie wazae. Mimi nimezaa juzi, nimechoka."

Nikatafuta msaada kwa Bwana Soud, mpangaji wetu wa ghorofa ya tisa, ambaye ukoo wao ulitoka Unguja ukahamia Dubai tangu enzi za babu yake na Kiunguja chake hakijaguswa. Nilidhani mtu wa mjini kama yeye atanielewa. Alianza kwa kunitajia baba zake tisa, mmoja baada ya mwingine, amesimama mbele ya lifti. Lifti ikaja, ikaondoka, ikarudi. Alipofika wa tisa akanigeukia.

"Wamruka babako, wamkimbilia babu wa mbali wa mtoto wako? Babako kakukosea nini, mwanangu?"

Baba yangu hajanikosea kitu. Ndiye aliyeuza ng'ombe wake wawili nikapanda ndege, na tangu nimefika huku hajaniomba hata soksi. Lakini Ndugu Mhariri, nimejibu moyoni kwamba takwimu ni takwimu, na jina la Wilbard halimo kwenye orodha ya majina yanayokufa. Wako Wilbard wengi. Pale Mbinga parokiani ukiita Wilbard baada ya misa wanageuka sita.

Kwa hiyo nimeamua, na mimi ni kichwa cha nyumba. Ukirekebisha ukurasa wako kabla ya Jumatano, ukaandika Tanzania 26, ukamweka babu juu kabisa peke yake, na ukalifuta lile neno benki, basi Alhamisi nitaandika Ockleswade kwenye kisanduku kwa herufi kubwa, na jina lenu litakuwa limeokolewa na mtoto wa Al Mankhool. Huu ndio uamuzi wangu wa mwisho, hautabadilishwa na mtu, awe mke, awe mpangaji.

Wasalimie wote tisa wa huko, na wawili wa Australia mkiwasiliana. Msalimie kipekee yule mume wa mtu aliyehudhuria mkutano, ana moyo. Babu anawasalimu, kwa masharti aliyokwisha kuyataja. Wangari anasalimu pia, anasema akikosa githeri atajua ni nani wa kumshitaki.

Ndimi, kwa niaba ya walio wengi,

Kasian Wilbard Ockleswade

N.B. Leo ni Alhamisi, na barua ilikuwa bado mfukoni kwa kuwa kila nikitaka kuituma naikumbuka koma moja ya kurekebisha. Tumetoka kupeleka fomu, mimi, Edna na mtoto. Dada wa dirishani, Afrah, aliona kisanduku kitupu akauliza jina la familia. Nilikuwa nalo mdomoni, Ockleswade, nimelishika tangu kwenye metro. Nikafungua mdomo, nikasema, "Wilbard." Sijui kilichonipata. Afrah akapiga chapa, akasema khalas, yaani tayari, akaita mwingine. Tulipofika nje Edna akacheka hadi mtoto akaamka.

Mtoto anaitwa Irene Kasian Wilbard. Nimeuliza kwenye kundi la simu la familia: wajukuu wenzangu wana watoto kumi na wanne kwa jumla, na hakuna hata mmoja aliyemruka baba yake. Kwa hiyo sisi ishirini na sita tunalimaliza jina wenyewe, taratibu, bila mafuriko. Ukurasa wako uache ulivyo, na hao kumi na mmoja watunze vizuri, maana ndio mlio nao.

Nilimpigia baba simu kumwambia. Alikuwa shambani, kwenye kahawa. Yeye mwisho wake wa safari ni Songea, tena mara mbili tu. Alinitaka nilirudie jina lote la mtoto, polepole. Kisha akasema, "Kumbe na mimi nimefika Dubai."