Kilo Sitini na Nne za Samaki Mkavu

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Jumamosi naoa Lubumbashi! Baba yake Sifa, mchumba wangu, ametuma neno: nikikosa kufika tena, binti anaolewa na fundi cherehani. Treni hazitembei, vita. Zimebaki ndege za jeshi hapa kambini Kamina, na raia hawapandi. Lakini nani anachapa orodha za ndege kwenye kompyuta? Mimi, Yassini!

Jumanne, 6 Oktoba
Gaston, anayeipangia kompyuta kazi, ananiudhi. Kabla ya kuigusa aliandika karatasi nne za kanuni. Eti kila kitu kitajwe aina yake kwanza. Mtu ana jina na kiti. Mzigo una uzito, hauna jina, hauna kiti. Ukichanganya, mashine inakataa. Nimesoma karatasi ya kwanza. Inatosha.

Nikajiandika: mzigo, Yassini, kilo 64. Imekataa! Nikaandika: chakula, samaki mkavu wa Kinkondja, kilo 64. Imekubali. Kumbe inajua aina, haijui uongo. Gaston na elimu yake yote!

Alhamisi, 8 Oktoba
Ndani ya gunia tangu alfajiri. Joto! Harufu! Saa nne Mwamba, askari wa ghala, akasoma orodha kwa sauti. Kanuni ya karatasi ya pili: chakula chote kinapelekwa kwa askari mstari wa mbele. Kwenye risasi! Nikachomoka guniani mbio. Mwamba akarukia ukutani.

“Weye iko muntu ao samaki?”

Nikamwambia mtu, mtu kabisa, akamuulize Gaston. Gaston alicheka mpaka akakaa chini. Nikamsihi anigeuze mtu kwenye orodha. Akasema chakula hakigeuzwi mtu, anaweza tu kufuta mstari wote. Afute! Kisha akanionyesha karatasi ya nne: mfanyakazi wa uwanja anapewa kiti, akiomba. Akiomba tu! Nililia kwa furaha mbele ya Mwamba na sioni haya.

Ijumaa, 9 Oktoba
Alhamdulillahi! Kiti namba saba, ndege ya saa nane, Lubumbashi moja kwa moja. Roho imetulia. Hata Gaston nampenda leo.

Tatizo dogo tu. Nimemnunulia baba mkwe mbuzi wa Kabongo, mnene, na kanuni inasema wanyama hawapandi. Gaston ametoka kunywa chai. Nimeandika: mtu, jina Kalala, miaka miwili, kiti namba nane.

Imekubali.