Karatasi Isiyokunywa Damu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuja lakini kofia yake imefika na imepewa kiti, Mfumu Chimtengo, chifu wetu mwenye ardhi hii na mvua yake, Bwana Mchungaji, akina mama mliovaa vitenge vyenye uso wangu, na wale ambao uso huo umewakalia pasipostahili, nawasamehe, mabibi na mabwana.

Mimi, Dokta wa heshima Lackson Kamtedza, Mratibu Mkuu wa Kamati Ndogo ya Vipimo vya Haraka, nazindua leo kiwanda chetu cha karatasi za kupimia malaria. Wataalamu wa ng'ambo walitusumbua kwamba karatasi hiyo sharti iwe na vitundu visivyoonekana kwa macho, ili damu inywewe, itambae, na ikikuta dalili za malaria mstari wa pili ujitokeze. Kamati yangu, baada ya warsha kumi na nne kando ya ziwa pamoja na dagaa wa usipa wa kukaanga, ikajiuliza: nchi yenye heshima zake itengeneze kitu kilichotoboka? Tukaviziba vyote. (Makofi, viti vya mbele.) Na matokeo mnayo: watu mia tatu na kumi na wawili tumewapima kimajaribio, na asilimia mia moja hawana malaria. (Miguno.)

Amayi Nasiye, mlete huyo mtoto. Nasikia ni siku ya tatu anachemka. Bwana Fanizo, mhudumu wetu wa zahanati, mchome kidole. Mnaliona tone? Limetulia juu ya karatasi, halihangaiki. Hilo ndilo tone lenye nidhamu.

(Amayi Nasiye: "Bwana mkubwa, nidhamu gani? Karatasi yako hainywi. Mpe mwanangu dawa.")

Mama yangu, utaratibu ni utaratibu. Bila mstari wa pili, dawa haitoki kabatini.

(Fanizo: "Mzee, hata ule wa kwanza, wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, haujatokea. Hicho kipimo ni kibovu. Turudishieni vile vya zamani mlivyovichukua.")

Fanizo, ndugu yangu, usinivunjie heshima mbele ya wageni. Mstari wa kwanza tutauchora kwa kalamu tukifika ofisini. (Kicheko kirefu, viti vya nyuma.)

Basi itikieni kaulimbiu: Damu tulivu, taifa tulivu!

Kabla ya kwenda kula ugali wetu wa nsima, nalishukuru duka la kalenda lililotukatia karatasi zile za majaribio, na hizi asubuhi ya leo, kwenye kalenda za mwaka jana. Naishukuru shule kwa kutuazima ukuta wa kutundikia kibao cha kiwanda. Kiwanda chenyewe tutakifikiria tukishapata kiwanja. Na kwa namna ya pekee namshukuru Amayi Nasiye, ambaye namwona keshambeba mwanawe mgongoni, anashika njia ya hospitali ya misheni, mwendo wa saa tano kwa miguu.

Fanizo, acha kumkimbilia, kaa uandike ripoti: mtoto mmoja, amepimwa, hana malaria, ameondoka mzima.