Dume wa Kongowe na Mtamba wa Rukaiya

Jumatatu, 3 Juni

Daktari wa mifugo wa kata, Flaviana, kaja kumpima Kashata. Mtamba kafikia umri wa kupandwa. Mzima, ila nyonga nyembamba. Kashauri kwa uzao wa kwanza tutafute dume mdogo, anayezaa ndama wadogo. Jirani yetu Kornelio anaye. Dume huyo anaitwa Karanga, ananifikia kiunoni. Mke wangu Rukaiya akaitikia kila neno. Kashata ni wake, kaachiwa na marehemu baba yake.

Mie nikasema ng'ombe wa nyama anatafutiwa mwili. Dume mdogo, ndama mdogo, nyama kidogo. Flaviana akaniuliza kwa upole kama nimemsahau mtamba wetu wa kwanza, aliyekufa na ndama tumboni.

Sijamsahau. Yule alikuwa na mkosi. Dume mwenyewe alikuwa mzuri sana.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda Kongowe kwa Jonas, kisirisiri. Dume wake anaitwa Kontena. Shingo kama gunia la mkaa. Nimemzunguka mara tatu.

Kornelio si mtu mbaya. Mchonga vinyago, wa Newala, mpole. Kosa lake ni kwamba mwaka jana watu walisimama barabarani kumtazama ndama wake. Kwangu hajasimama mtu tangu nihamie Chamazi.

Alhamisi, 6 Juni

Kashata kaamka na joto la kutaka dume. Analia, anampanda mbuzi. Rukaiya kasema nimpeleke kwa Kornelio mara moja. Nikamjibu kwanza nampeleka kuogeshwa dawa ya kupe. Nikashika njia ya Kongowe.

Kontena alipompanda tu, miguu ya nyuma ya Kashata ikakunjika. Akaanguka kwa tumbo, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe. Niliogopa. Niandike ukweli, niliogopa sana. Jonas akamvuta dume kwa kamba kabla hajafanya lolote.

"Mzee, huyu bado mtoto," akasema. "Mrudishe kwao."

Baada ya muda nikapata nguvu, nikamuuliza kama hatuwezi kumwegemeza Kashata ukutani. Akaenda kumfunga dume wake.

Tumerudi Kashata akichechemea.

Rukaiya alikuwa uani. Akainama, akamnusa Kashata mgongo.

"Baba Hija, dawa gani hii haina harufu?"

Nikasema ni ya kisasa. Akatazama mguu, akatazama michubuko ya magoti. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Yule wa kwanza tulimzika pale nyuma ya choo, ukaniahidi," akasema. "Huyu hutaniulia."

Akajifunga kanga kiunoni, akanipokonya kamba, akampeleka mwenyewe kwa Kornelio. Mie nikafuata. Karanga alimaliza kazi kabla sijapata la kusema. Kashata hata hakuyumba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri. Karanga kutangulia si kwamba kashinda. Nikangoja Rukaiya aende sokoni Mbagala, nikamfungua Kashata, safari ya Kongowe tena. Nilipanga kumwambia Jonas kwamba mtoto kakua.

Kumbe joto limekwisha. Tulipofika nje ya ua wa Kornelio, Kashata akagoma. Nikamsukuma kwa nyuma. Kanipiga teke la paja.

Kornelio akanikuta nimekaa chini, akauliza kulikoni. Nikasema napumzika. Akaniletea maji na kiti. Mtu mchokozi sana.

Jumapili, 16 Machi

Kashata kazaa leo alasiri. Nusu saa tu, bila kusaidiwa na mtu. Ndama jike, mdogo, kasimama mwenyewe na kuanza kutafuta titi. Rukaiya alikaa kwenye majani akalia kwa furaha, huku kanishika mkono. Hajanishika hivyo tangu ile siku ya kamba. Mie macho yaliniwasha. Vumbi.

Majirani wakaja kuona, wakafuturu hapahapa kwa uji wa Rukaiya. Nikawaeleza kwa kirefu nilivyomchagua dume: nyonga, umri, uzao wa kwanza. Kornelio alikuwepo. Akanywa uji, akatabasamu. Nadhani alikuwa anajifunza.

Jumatatu, 17 Machi

Shamimu, mjane wa nyumba ya tatu, kaja kuniomba nimchagulie dume wa kumpanda mtamba wake. Kasikia mie ndiye mtaalamu. Nimekwenda kumwona huyo mtamba. Mwembamba, mdogo kuliko Kashata alivyokuwa.

Nimemwambia Shamimu jambo la kwanza ni ukubwa wa dume. Jonas nimeshampigia simu. Kasikia sauti yangu, kakata. Kesho nitapiga kwa simu ya Rukaiya.